Waliokalia Kiti cha Calgary

Bomba kuu la maji la Calgary lilipasuka jioni ya tarehe 5 Juni 2024, na mama mdogo huisimulia siku hiyo kama watu wa pwani wanavyosimulia kimbunga. Alizaliwa Tanga, akakua akichota maji kwa ndoo, kisha miaka ya tisini akahamia Kanada na ndoo akazisahau. Siku ile alizikumbuka. Bomba moja lilikuwa likibeba hadi asilimia 60 ya maji safi ya mji wenye watu zaidi ya milioni 1.3. Wakaombwa wasifue, wasimwagilie bustani, wasikae bafuni muda mrefu. Mama mdogo akajaza madumu, akayapanga ukutani jikoni, na jirani yake mmoja akaja kumuuliza mtu anaogaje kwa kopo.

"Bomba lile walilaza mwaka 1975, mwanangu," aliniambia usiku niliofika, Novemba 2025, tukiwa tunakunywa chai ya tangawizi na nje theluji inaanguka bila sauti. "Meya aliyekuwepo wakati linalazwa watu hata hawamkumbuki. Aliyekuwepo lilipopasuka ndiye tuliyemtoa mwezi uliopita."

Sikuwa nimekwenda Calgary kwa ajili ya siasa. Nilikwenda kumwona yeye, kwa kuwa tangu msiba wa bibi hatukuwa tumeonana. Lakini kauli ile ilinikaa. Nilikuwa na siku sita, na mama mdogo anashinda kazini. Nikaamua kuwafuata mameya: walitoka wapi, walifanya nini, na hasa walikwenda wapi baada ya kuondoka. Mji huu, kuliko miji mingi ninayoijua, umewatuma mameya wake mbali.

Kwetu Tanzania meya huchaguliwa na madiwani wenzake ndani ya ukumbi. Mwananchi husikia matokeo tu. Calgary kila mpiga kura humchagua meya kwa mkono wake, na kwa zaidi ya miaka mia moja karatasi ya kura haikuonyesha chama. Meya hana bendera ya kujifunika. Ana maji, taka, theluji ya barabarani na kodi ya nyumba. Ukilielewa hilo, utaelewa kwa nini wengi wao walipoingia kwenye siasa za vyama walikuwa kama samaki aliyetolewa mtoni akaambiwa baharini nako ni maji.

Nyumba ya mama mdogo iko karibu na kituo cha treni cha Marlborough, kaskazini mashariki mwa mji, mtaa wa wahamiaji wa kila rangi. Treni hiyo ya umeme ilianza mjini mwaka 1981, na njia ya upande huu ikafunguliwa 1985. Asubuhi ya kwanza baridi ilikuwa nyuzi 18 chini ya sifuri. Nilipanda nikiwa nimevaa koti la marehemu baba mdogo, refu hadi magotini, nikapita bustani ya wanyama, nikapita Bridgeland, nikashuka kituo cha City Hall.

Hapo yapo majengo mawili yaliyoshikana. La zamani ni la jiwe la mchanga lenye rangi ya asali, lina mnara wa saa, lilifunguliwa 1911. Jipya ni la vioo vya buluu, lina umbo la ngazi kubwa, lilimalizika 1985. Nilisimama mbele ya lile la jiwe hadi vidole vikafa ganzi. Jiwe lile lina kisa chake. Meya wa kwanza, George Murdoch, alikuwa fundi wa matandiko ya farasi. Alichaguliwa mwishoni mwa 1884, wakati mji ulikuwa vibanda vya mbao kando ya reli. Mwaka 1886 hakimu mmoja, Jeremiah Travis, akagombania naye madaraka, akatengua uchaguzi wake na kumweka mtu mwingine. Mji ukawa na mameya wawili wanaovutana, maana yake ukawa hauna meya. Gari jipya la kuzimia moto lilikuwa limefika kwa treni, lakini kwa sababu ya mvurugano ule halikuwa limelipiwa, likabaki limefungiwa ghalani. Tarehe 7 Novemba 1886 moto ukatokea na kuteketeza sehemu ya katikati ya mji. Baada ya hapo wenye uwezo wakaanza kujenga kwa jiwe.

Ndani ya maktaba kuu, jengo zuri kupita kiasi lililofunguliwa 2018 juu kabisa ya njia ya treni, kuna chumba cha historia ya mji. Nilikaa humo asubuhi mbili. Majina mengi nilipita haraka. Andrew Davison alikaa kitini tangu 1929 hadi 1945, mdororo wa uchumi wote na vita vyote, na hakuna aliyekaa muda mrefu kuliko yeye. Lakini aliyenisimamisha ni Don Mackay.

Mackay, aliyekuwa meya miaka ya hamsini, alitoka kwenye redio na alikuwa na kipaji cha kuuza mji. Yeye ndiye aliyeanza kuwavisha wageni mashuhuri kofia nyeupe ya wachunga ng'ombe. Desturi hiyo haijafa: hadi leo mgeni rasmi wa Calgary hupewa kofia hiyo na kula kiapo cha utani cha uenyeji. Basi huyu mtu aliyependwa hivi aliangushwa na mifuko 35 ya saruji. Aliichukua kwenye mali ya jiji kujengea nyumba yake ya mapumziko kule Banff, milimani, wala hakuilipia. Jambo likafika kwenye magazeti, uchunguzi ukaitishwa, na Oktoba 1959 wapiga kura wakamwondoa. Nilisoma habari hiyo nikaisoma tena. Mifuko 35! Nimeishi kwenye miji ambako vimepotea viwanja, si mifuko, na aliyekalia kiti akapandishwa cheo. Siwacheki watu wa Calgary kwa ukali wao. Nawaonea wivu.

Aliyemwangusha alikuwa mfugaji. Harry Hays alijulikana kwa ng'ombe wa maziwa kabla ya kujulikana kwa siasa, na baadaye akazalisha aina mpya ya ng'ombe wa nyama, Hays Converter, ya kwanza kuzalishwa Kanada na kuandikishwa kama aina kamili, mwaka 1975. Alikuwa mtu wa chama cha Liberal katika mji usiokipenda chama hicho. Aprili 1963, akiwa bado meya, aligombea ubunge wa taifa, akashinda, na ndani ya wiki mbili Waziri Mkuu Lester Pearson akamfanya waziri wa kilimo. Ni nadra mfugaji kwenda moja kwa moja kwenye wizara ya mifugo yake. Miaka miwili na nusu baadaye mji ule ule ukamnyima kura. Pearson akamwokoa kwa kumteua kwenye Seneti mwaka 1966, na huko alikaa hadi alipofariki 1982. Jambo kubwa alilofanya akiwa seneta ni kuwa mwenyekiti mwenza, pamoja na Serge Joyal, wa kamati ya pamoja ya bunge iliyoichambua rasimu ya katiba mwaka 1980 na 1981, ile iliyowapa Wakanada hati yao ya haki na uhuru.

Jina lake liko kwenye jengo la ofisi za serikali kuu, si mbali na mtaa wa Wachina. Mama mdogo analijua jengo hilo vizuri, kwa sababu ya makaratasi ya uhamiaji. "Miaka yote nasema nakwenda Harry Hays," aliniambia, "sikujua kama Harry Hays alikuwa mtu."

Hays alipokwenda Ottawa, kiti alikishika Grant MacEwan, na Oktoba 1963 wananchi wakamthibitisha. Huyu nampenda kuliko wote, nami nasema hivyo bila kuzunguka. Alikuwa mwalimu wa kilimo wa chuo kikuu, mwandishi wa vitabu zaidi ya arobaini, asiyekula nyama katika mji wa nyama. Alikuwa ameonja vyama akavunjika meno: aliongoza chama cha Liberal cha Alberta, jimbo ulimo mji huu, kwenye uchaguzi wa 1959, chama kikapata kiti kimoja, na yeye mwenyewe akapoteza chake. Baada ya kushindwa huko ndipo akawa meya, na baada ya umeya, Januari 1966, akateuliwa kuwa Mwakilishi wa Malkia katika jimbo la Alberta, cheo kisicho na chama, akakishika hadi 1974. Alipofariki mwaka 2000 akiwa na umri wa miaka 97, jimbo lilimzika kwa heshima za kiserikali. Chuo kikuu kimoja cha Edmonton kina jina lake.

Yeye na waliomtangulia wamenifanya nimkumbuke mtu wa kwetu. Sheikh Kaluta Amri Abedi, mshairi na mwalimu wa kanuni za mashairi, alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa Dar es Salaam, kisha akawa waziri wa sheria wa Tanganyika huru. Alifariki 1964 akiwa bado kijana. Uwanja wa michezo wa Arusha una jina lake, na vijana wanaoingia humo kutazama mpira, kama mama mdogo na Harry Hays, wengi hawajui kwamba jina lile lilikuwa mtu.

Baada ya MacEwan alikuja Jack Leslie. Akiwa diwani, Leslie alikuwa amepinga mpango wa kampuni ya reli ya Canadian Pacific wa kuhamishia reli zake kwenye ukingo wa kusini wa mto Bow. Mpango ulikufa 1964. Siku ya tatu, upepo wa chinook ulishuka kutoka milimani na kuyeyusha theluji kwa saa chache tu, joto likapanda hadi nikavua koti la baba mdogo na kulibeba begani. Nikautembea ukingo ule. Watu walikuwa wakikimbia, wazee wakitembeza mbwa, mto una barafu pembeni na maji ya kijani katikati. Pangekuwa na mabehewa ya mizigo hapo.

Aliyefuata, 1969, aliitwa Rod Sykes. Mtanzania akilisoma jina hilo lazima ashtuke, maana ukoo wa Sykes wa Dar es Salaam ni nguzo ya historia ya TANU, chama kilichopigania uhuru wetu. Hawana undugu. Sykes wa Calgary alitoka upande wa mali za kampuni ile ile ya reli, ndiye aliyesimamia ujenzi wa mnara wa mita 191 uliokamilika 1968. Alikuwa mkali, mwenye akili, asiyependa kupingwa. Bomba la mama mdogo lililazwa enzi yake. Alipoondoka 1977 alitafuta chama, na mwaka 1980 akachukua uongozi wa Social Credit, chama kilichotawala Alberta tangu 1935 hadi 1971. Alikuwa amepanda jahazi linalozama. Mwaka 1982 akajiuzulu, na katika uchaguzi wa mwaka huo chama hakikupata hata kiti kimoja.

Sasa nije kwa Ralph Klein, maana Calgary huwezi kuzungumzia mameya dakika tano asitajwe, na watu humwita Ralph tu, kama ndugu.

Alikuwa mwandishi wa habari wa televisheni, mtoto wa mji, mnene, mcheshi, mpenda bia. Baa yake ilikuwa ndani ya hoteli ya St. Louis, hatua chache nyuma ya jengo la jiji. Hoteli hiyo ya mwaka 1914 bado imesimama. Mwaka 1980 aligombea bila pesa ya maana na kumshinda meya aliyekuwa kitini, Ross Alger. Mwaka uliofuata treni ikaanza, na Septemba 1981 mji ukapewa Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi ya 1988. Mafuta yalikuwa yanafurika pesa na watu walimiminika kutoka mashariki ya Kanada kutafuta kazi. Mwanzoni mwa 1982 Klein alitoa maneno ya kuwatukana wale waliokuja bila kazi, akiwaona wahuni na mzigo, na nchi nzima ikamkasirikia. Mji wake ukazidi kumpenda. Hilo nilitafakari sana nikiwa naishi kwenye nyumba ya mhamiaji. Michezo ya Februari 1988 ilifana, na uwanja wa kugawia medali ulijengwa hapo hapo mbele ya jengo la jiji. Nilipofika mimi ulikuwa umezungushiwa uzio, unajengwa upya.

Mwaka 1989 Klein aliacha umeya, akajiunga na chama cha Progressive Conservative, akaingia bunge la jimbo na kuwa waziri wa mazingira. Watu wengi walikuwa wakimdhania Liberal. Desemba 1992 akawa waziri kiongozi wa Alberta, mkuu wa serikali ya jimbo. Deni lilikuwa limefika takribani dola bilioni 23, na alilikabili kwa shoka. Matumizi ya serikali yalipunguzwa kwa karibu moja ya tano. Mishahara ya walimu na wauguzi ilikatwa asilimia 5. Misaada kwa miji ilipungua, ikiwemo kwa mji alioongoza mwenyewe.

Na hospitali zilifungwa. Treni ya kutoka Marlborough inapopita Bridgeland, upande mmoja ni maghorofa mapya na bustani ya watoto. Hapo palikuwa na hospitali kuu ya zamani, Calgary General. Tarehe 4 Oktoba 1998 majengo yake yaliangushwa kwa baruti, asubuhi, watu wakitazama kutoka juu ya vilima. Mama mdogo alikuwa miongoni mwao, mgeni bado katika nchi, amembeba mtoto wake wa kwanza mgongoni kwa kanga chini ya koti. "Nilidhani wanaangusha gofu," alisema. "Mama mmoja pembeni yangu analia, nikamuuliza, kulikoni? Akasema, nimezaliwa mle, na wanangu wote wamezaliwa mle." Katika safari yangu yote sikuona mahali panapoeleza jambo hili vizuri kuliko kituo kile cha Bridgeland. Meya Klein aliujengea mji reli ya kupita hapo. Waziri kiongozi Klein, mtu huyo huyo, ndiye aliyeongoza serikali iliyoiondoa hospitali iliyokuwa kando ya reli.

Nilijaribu kumchukia, nikashindwa. Desemba 2001 aliingia amelewa kwenye makazi ya watu wasio na nyumba mjini Edmonton, akawafokea, akawatupia pesa. Aibu ile aliikubali hadharani na kusema ana tatizo la pombe. Mwaka 2004 alitangaza deni limekwisha, na mapema 2006 kila mkazi wa jimbo alipewa dola 400 kutokana na pesa za mafuta. Mwezi Machi mwaka huo chama chake kilimpigia kura ya imani, akapata asilimia 55 tu, na kabla mwaka haujaisha akawa ameondoka. Ugonjwa wa kusahau ulimchukua mapema. Alifariki Machi 2013. Hukumu yangu ni kwamba alikuwa meya mkubwa, na kwamba pale alipopata mamlaka makubwa zaidi, mji wake ulilipa gharama ambayo meya Klein angepigana isilipwe.

Al Duerr, aliyetawala 1989 hadi 2001, na Dave Bronconnier, 2001 hadi 2010, waliporudi nyumbani waliingia kwenye biashara. Sina mengi juu yao, ila daraja jekundu la waenda kwa miguu juu ya mto Bow, lililochorwa na Santiago Calatrava na kugharimu zaidi ya dola milioni 24, liliamuliwa enzi ya Bronconnier katika kelele kubwa. Lilipofunguliwa 2012 kiti kilikuwa na mtu mwingine. Leo bibi harusi hupigwa picha juu yake.

Mtu huyo mwingine ndiye aliyenifanya nitamani kukutana na wazee wa Kitanzania. Naheed Nenshi alizaliwa Toronto mwaka 1972, wazazi wake wakiwa wametoka Tanzania, Waismailia wenye asili ya Kihindi, na akalelewa Marlborough, mtaa huu huu wa mama mdogo. Alisoma Chuo Kikuu cha Calgary, kisha Harvard, akarudi kufundisha. Oktoba 2010 alishinda umeya, akawa Mwislamu wa kwanza kuongoza mji mkubwa wa Amerika Kaskazini. Alichagua rangi ya zambarau, mchanganyiko wa wekundu wa Liberal na ubuluu wa Conservative, ili aseme wazi kwamba hana upande.

Jirani ya mama mdogo alinipeleka kwa mzee mmoja wa jamii hiyo, mwenye umri wa miaka themanini na kitu, aliyeondoka Dodoma mwanzoni mwa miaka ya sabini, baada ya nyumba za kupangisha kutaifishwa mwaka 1971. Nilipomwamkia "Shikamoo, mzee" alinyamaza kidogo, kisha "Marahaba!" ikatoka kwa sauti kubwa hadi mkewe akaja kutoka jikoni. Kiswahili chake kilikuwa cha zamani, safi, kimehifadhiwa kama nguo ya Idi.

"Sisi tulikuja na masanduku mawili," alisema. "Theluji hatujaiona hata kwenye sinema. Leo mtoto wa mwenzetu amekabidhiwa mji. Wewe unadhani usiku ule wa 2010 nililala?"

Tukazungumza juu ya mafuriko ya Juni 2013, mito ya Bow na Elbow ilipovunja kingo na watu wapatao 75,000 kuhamishwa nyumba zao. Nenshi alikuwa kila mahali, macho mekundu, hadi wananchi wakaanza kumwandikia mtandaoni wakimsihi akalale. Mwaka huo alirudishwa kwa asilimia 74 ya kura. Mwaka 2017 alishinda kwa shida, asilimia 51, na 2021 hakugombea tena. Kisha, Juni 2024, wanachama wa NDP, chama cha mrengo wa kushoto cha Alberta, walimchagua kuwa kiongozi wao kwa asilimia 86.

"Mzee, umefurahi?" nilimuuliza.

Alikoroga chai muda mrefu. "Alipokuwa meya alikuwa wetu sote. Jirani yangu hapa ni mtu wa Conservative, na alikuwa na kibao cha Nenshi bustanini. Sasa mimi nina kibao, yeye hana."

Siwezi kulieleza jambo hili vizuri kuliko hivyo. Hays, Sykes, Klein, Nenshi: kila mmoja alikusanya watu wa rangi zote kwa kazi ambayo haikuwa na rangi, na kila mmoja alipovaa rangi aliwaacha baadhi yao njiani. MacEwan alipona kwa sababu njia yake ilikwenda kinyume, kutoka chamani kuja mjini. Simlaumu Nenshi. Shule, hospitali na sheria za miji ziko mikononi mwa jimbo, na meya akigonga mwamba wa jimbo miaka kumi na moja, ni halali atamani kuingia ndani ya nyumba yenye funguo. Lakini kiti cha ubunge alichokipata Juni 2025 kwenye uchaguzi mdogo ni cha Edmonton-Strathcona. Ni kiti cha mji wa watani wa Calgary.

Kuna jambo jingine ambalo mwandishi wa tamthilia asingethubutu kulitunga. Mwaka 2010 mmoja wa wagombea wazito ambao Nenshi aliwashinda alikuwa diwani Ric McIver. McIver akaenda bunge la jimbo na kuwa waziri. Mwaka 2024, akiwa waziri wa serikali za mitaa, ndiye aliyepeleka bungeni sheria iliyoruhusu vyama kusimamisha wagombea kwenye uchaguzi wa Calgary na Edmonton, yaani kuondoa kile kilichomwezesha Nenshi kushinda. Mei 2025 McIver akachaguliwa Spika. Hivyo Nenshi, kiongozi wa upinzani, akitaka kusema bungeni, humwomba ruhusa yeye.

Uchaguzi wa kwanza chini ya sheria hiyo ulifanyika tarehe 20 Oktoba 2025, kura zikihesabiwa kwa mkono. Jyoti Gondek, mwanamke wa kwanza kuwa meya wa Calgary, aliyebeba lawama za bomba, za kodi na za kanuni mpya za matumizi ya viwanja, alishindwa. Tangu Klein amwondoe Alger mwaka 1980 hakuna meya mwingine aliyekuwa kitini aliyewahi kushindwa. Aliyeshinda ni Jeromy Farkas, kwa tofauti ndogo sana dhidi ya Sonya Sharp, mgombea wa chama. Farkas alisimama bila chama. Wapiga kura walikuwa wameruhusiwa vyama kwa mara ya kwanza, na waliochagua meya wakamchukua asiye nacho, ingawa kwa shida.

Usiku wa mwisho nilimuuliza mama mdogo alimpigia nani. Alicheka, akasema kura ni siri, kisha akaongeza kwamba hakuuliza mtu ni wa mkono gani. Aliuliza nani atataja tarehe ya kubadilisha bomba.

Nilikuwa nimesharudi nyumbani aliponipigia simu. Tarehe 30 Desemba 2025, katikati ya baridi kali, bomba lile lile la mwaka 1975 lilipasuka tena na kufurika barabarani, magari yakanasa kwenye maji. Farkas alikuwa na miezi miwili tu kitini.

"Madumu yapo, mama mdogo?" nilimuuliza.

"Yamejaa, mwanangu. Yale hayajawahi kutoka jikoni."